Shemeji Alibadilisha Toleo, Mimi Nikanyamaza

Mpendwa mshauri, kabla ya kukuomba msaada nakuomba subira, maana barua hii nimeianza mara nne, na kila mara nilijikuta naishia pale ninapoonekana mtu mwema, nikaichana, na hii ya tano nimeapa kuiandika mpaka nionekane nilivyo.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na kwa miaka kumi na minne nimekaa kwenye chumba cha kompyuta cha chuo cha wauguzi, chumba chenye madirisha mawili, moja linatazama ukuta na jingine linatazama ukumbi ambako wanafunzi hupanga foleni kuulizia matokeo yao. Programu inayokokotoa matokeo hayo niliiandika mimi kuanzia mstari wa kwanza, na nilikuwa nikiilinda kama mtu anavyolinda mboni ya jicho, hata wenzangu wakanipa jina la Bibi Toleo, kwa sababu ukinijia na shida yoyote, kabla sijakuuliza umeona nini nitakuuliza unatumia toleo gani. Nikueleze kwa ufupi, mshauri, maana hapa ndipo balaa lilipoanzia: lugha tunayoandikia programu ina matoleo kama kitabu cha shule, na kila toleo jipya linapotoka wenye lugha hubadilisha mambo, mengine makubwa kiasi kwamba programu ya zamani ikikutana nayo inaanguka palepale na kupiga kelele, na mengine madogo ambayo programu inayameza na kuendelea na kazi kama kawaida, ila majibu yanakuwa mengine. Hayo madogo ndiyo ya kuogopa. Kwa hiyo nilikuwa na faili dogo la mistari sita linalotaja toleo la lugha na la kila kifurushi cha programu saidizi tunachokitumia, kompyuta zote tano za ofisi zinalifuata, na sheria yangu ilikuwa moja, kwamba asiliguse mtu bila kupitisha kwanza matokeo ya mwaka jana kwenye toleo la zamani na jipya na kulinganisha jina kwa jina.

Sasa nina shemeji, mdogo wake mume wangu. Alikuja kukaa kwetu akiwa ameacha masomo, hana kazi, anashinda kwenye kochi, na ni mimi niliyemkalisha kwenye meza yetu ya kulia nikamfundisha kazi hii kwa miaka miwili, nikamwonyesha mpaka namna ya kuweka vidole, na alipoiva nikamwombea nafasi kwenye chumba changu, akapewa. Ana kichwa chepesi, sitamnyima hilo. Lakini ana mdomo mwepesi pia, na mkuu wetu wa kitengo alipostaafu, kiti ambacho kila mtu alijua ni changu alipewa yeye, eti anajua kujieleza mbele ya wakubwa. Siku hiyo nyumbani nilipiga vigelegele na mama mkwe wangu, nikapika, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma, kisha nikaingia bafuni nikafungua maji yatiririke ili wasinisikie.

Haukupita muda akatangaza kwamba tunahamia toleo jipya. Nikaandika waraka wa kurasa mbili, nikataja sehemu tatu za programu ambazo hesabu zitabadilika, na ya tatu ndiyo hii ninayokuandikia leo, yaani nusu alama. Wastani wa mwanafunzi wetu unatokana na alama mbili, ya darasani na ya wodini, kwa hiyo hutoka namba kamili au namba na nusu, na kanuni ya chuo inasema wazi kwamba nusu hupandishwa. Toleo la zamani ukilipa arobaini na nne na nusu ili liifanye namba kamili, linakupa arobaini na tano. Toleo jipya linakupa arobaini na nne, kwa sababu wenye lugha waliamua kwamba nusu iende kwenye namba shufwa iliyo jirani, na huko kwao wana sababu zao nzuri. Kwetu sisi arobaini na tano ni kufaulu, na arobaini na nne ni kufungasha virago.

Nilipoueleza waraka wangu kwenye kikao, mbele ya msajili wa chuo na wakuu wote wa idara, shemeji aliuinua kwa vidole viwili kama kitu kilicholowa, akaniambia, "Shemeji, hii ni programu, si ndoa. Hakuna aliyekula kiapo kukaa na toleo moja mpaka kifo kiwatenganishe."

Watu walicheka. Msajili alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Mimi pia nilicheka, mshauri, na kicheko hicho ndicho kilichooza ndani yangu.

Alifanya kazi miezi miwili, na alifanya kwa bidii, nisimsingizie. Zile sehemu mbili za kwanza zilimwangukia kwa kelele kama nilivyosema, akazirekebisha. Ya tatu haikupiga kelele, kwa hiyo hakuikumbuka, na waraka wangu sidhani kama aliufungua tena. Utaratibu wetu ni kwamba mabadiliko yoyote lazima mtu wa pili ayasome na kutia jina lake, na mtu wa pili nilikuwa mimi. Nikayasoma kuanzia asubuhi, mstari kwa mstari, nikaona faili langu la mistari sita limefutwa na kuandikwa upya, nikafika kwenye kile kifungu cha kufanya wastani kuwa namba kamili, nikakikuta kama kilivyokuwa, hajakigusa. Nikajua. Nakuambia nilijua hapohapo, kikombe cha chai kikiwa mkononi, kwamba watu watafelishwa.

Alasiri akapita kwenye meza yangu, ameshika funguo za gari, haraka zake kama kawaida.

"Umepitia, shemeji?"

"Nimepitia."

"Iko sawa?"

Nikamjibu, "Wewe ndiye mkuu."

Akacheka, akafikiri natania, akasema, "Basi tia jina tusonge mbele." Nikatia jina.

Utaniuliza nilikuwa nafikiri nini, na mimi mwenyewe nimejiuliza mpaka nimechoka. Nilifikiri matokeo yatafika kwenye bodi ya mitihani, mwalimu mmoja mwenye macho ataona nusu hazikupandishwa, atauliza, na shemeji atasimama mbele ya msajili yuleyule aliyefuta machozi ya kicheko, atababaika, kisha wote watageuka kunitazama mimi, na mimi nitafungua droo nitoe waraka wangu wenye tarehe. Nilishaupanga mpaka mkao wa kukaa. Sikuwafikiria wanafunzi hata kidogo, ila kama mashahidi tu wa aibu yake.

Bodi haikuona kitu. Wanafunzi ni mia sita na arobaini, wengi walipoteza alama moja isiyowadhuru, karatasi zikapitishwa kwa saa moja na nusu, majina yakabandikwa ubaoni, na waliofeli wakaandikiwa barua za kuondoka. Mimi nikanyamaza siku ya kwanza, nikanyamaza siku ya pili, na kadiri nilivyonyamaza ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu kusema, kwa sababu sasa ningeulizwa ulikuwa wapi jana.

Siku ya nne alikuja mwanamke mmoja kwenye dirisha la ukumbini. Nilikuwa namjua kwa sura, chuo kizima kinamjua, maana alikuwa mfanya usafi wa wodi kwa miaka tisa, akasoma shule ya jioni, akafaulu kuingia chuoni akiwa na umri wa miaka thelathini na nane, na asubuhi kabla ya darasa bado alikuwa akipiga deki ili apate ada. Alikuwa amekunja ile barua mara nyingi mpaka imekuwa kama pakiti ya sindano. Hakuja kulalamika. Alisema, "Dada, samahani kukusumbua, nataka tu kujua nilipungukiwa wapi, ili nikijaribu tena siku nyingine nijue."

Nikafungua matokeo yake kwenye kompyuta. Darasani arobaini na moja, wodini arobaini na nane. Wastani arobaini na nne na nusu, na pembeni yake, kwa herufi nyekundu, arobaini na nne.

"Umekosa alama moja," nikamwambia.

"Hakuna uwezekano kuna mahali pamekosewa kujumlisha?"

Mshauri, alinipa mlango wazi kabisa. Nikamwambia, "Kompyuta haikosei."

Akatikisa kichwa polepole. Akasema, "Asante, dada. Afadhali basi. Nilikuwa naogopa ni mtu." Akarudisha barua yake kwenye mkoba, akaondoka, na akiwa anatembea nikaona amevaa viatu vyeupe vya uuguzi, vipya, bila shaka alivinunua kwa ajili ya kuanza kazi.

Baada ya hapo nilifunga dirisha nikatafuta wote wenye arobaini na nne na nusu. Ni kumi na mmoja.

Siku hiyohiyo nikaingia kwa shemeji nikamweleza wazi. Alibadilika rangi, akaketi, akayapitia majina yote kumi na moja, na kwa dakika chache nilimwona yule kijana wa meza yangu ya kulia, anayeogopa kukosea. Halafu akafunga mlango. Akasema toleo jipya ndilo dunia nzima inalotumia, huenda toleo langu ndilo lililokuwa likiwapendelea watu miaka yote. Nikamwambia kanuni ya chuo inasema nusu hupandishwa. Akasema, "Jina lililopo chini ya haya mabadiliko ni lako. Nikizama, tunazama wote. Tuirekebishe mwakani, taratibu, hakuna atakayejua."

Nyumbani nikamweleza mume wangu. Aliniuliza swali moja tu, "Uliona kabla?" Nikasema niliona. Akasema, "Basi huna wa kumshtaki. Yule ni mdogo wangu, mke wake anajifungua mwezi ujao. Ukifungua mdomo usitegemee tutakaa meza moja tena." Kesho yake mama mkwe akanipigia simu, sauti ya upole kabisa, akaniambia, "Mwanangu, mambo ya nyumbani hayatolewi nje. Hao wanafunzi wana mama zao." Tangu hapo mume wangu analala ameelekea ukutani, ananisalimia mbele ya watoto tu.

Dirisha la rufaa linafungwa baada ya siku tisa. Likifungwa, kwa kanuni za chuo, matokeo hayaguswi tena. Naweza kurudisha toleo la zamani kimyakimya na kusema kulikuwa na hitilafu ya mtambo, naweza kunyamaza kama ninavyoambiwa na kila mtu, naweza kusema yote nikapoteza kazi na pengine ndoa. Kuna wakati najiambia mimi sikukosea, niliandika waraka, nilionya, aliyedharau ni yeye, na kunyamaza si kusema uongo. Niambie, mshauri, kunyamaza ni kusema uongo? Na nikisema, nitakuwa nasema kwa ajili ya yule mwanamke, au bado natafuta siku yangu ya kumwona shemeji akibabaika? Mimi mwenyewe sijui tena.

Ni mimi niliyetia jina.

*

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili huruma ikapungua, na nadhani ndivyo ulivyotaka, maana uliniahidi mtu alivyo na umenipa.

Kwanza chukua haki yako. Ulimtoa mtu kwenye kochi ukamfanya fundi, akakaa kwenye kiti chako na kukufanya kichekesho mbele ya wakubwa. Hiyo ni dhuluma, na ile jioni ya vigelegele na maji ya bafuni naielewa kuliko unavyodhani. Ungemkasirikia mwaka mzima nisingekulaumu. Lakini ugomvi wako ulikuwa na mtu mmoja. Waliopigwa ni kumi na mmoja ambao hawakuwepo kwenye kile kikao na hawakucheka.

Unauliza kama kunyamaza ni kusema uongo. Kunyamaza kwako mezani siyo uongo, ni kuvizia. Ulimwona mwenzako anakwenda shimoni, ukakaa pembeni usubiri kishindo. Uongo ulikuja baadaye, pale dirishani, na ule hauna jina la kuupamba. Mwanamke alikuuliza swali la haki, ukamjibu kwa jibu unalojua si la kweli, na akakushukuru. Usiniletee waraka wa kurasa mbili kufunika maneno mawili.

Tena huo waraka wenyewe nina neno nao. Nimemuuliza fundi wa programu ninayemwamini, bila kutaja chuo wala mtu, naye ameniambia mambo mawili ambayo hukuniambia. La kwanza, toleo lenu la zamani wenye lugha walikuwa wamekwisha kuacha kulitunza, hata likipata tundu la wezi hakuna wa kuliziba, na mtu mwenye uzoefu wako alitakiwa kuanza safari ya kuhama miaka kadhaa nyuma. Shemeji yako alikuwa sahihi kuhama, wewe ulikuwa sahihi kuhusu namna ya kuhama, na kila mmoja akashika haki yake kama rungu. La pili, kwamba badala ya kurasa mbili ungeandika jaribio la mistari mitano ndani ya programu, mwanafunzi wa kubuni mwenye arobaini na nne na nusu, na mashine ingekataa yenyewe kuendelea mpaka apate arobaini na tano. Mashine haina shemeji na haichekeshwi kikaoni. Kwa nini hukuliandika? Sitakujibia, ila jiulize kama ulitaka programu isikosee au ulitaka kuwa wewe pekee unayejua pale inapokosea.

Umekasirika? Vizuri, kasirika huku unasikiliza, siku zako ni tisa na barua imetumia mbili njiani.

Kurudisha toleo la zamani kimyakimya na kusingizia mtambo, sahau. Utaongeza uongo wa pili, na wa pili huhitaji wa tatu. Kurekebisha mwakani, sahau pia, mwakani wale kumi na mmoja watakuwa wapi?

Mume wako mwambie leo, kabla ya kwenda popote. Usimwombe ruhusa, mpe taarifa, kwa sauti ya kawaida, mkiwa wawili. Mwambie, "Nakwenda kusema, na nitaanza na kosa langu." Ana haki ya kukasirika, kwa sababu hata yeye ameshaona kitu ambacho wewe unakizungukazunguka, kwamba uliona kabla. Lakini kumlinda mdogo wake kwa kuwatupa watu nje si upendo wa ndugu. Na mama mkwe wako umjibu kwa heshima ileile ya sauti yake, kwamba mficha uchi hazai, na kwamba yule mfanya usafi naye ni mama wa watu.

Kisha andika barua kwa msajili, ukurasa mmoja, usizidi. Anza na kanuni ya nusu, fuatisha majina kumi na moja na alama zao mbilimbili, halafu ambatisha matokeo ya programu kwa toleo la zamani na kwa toleo jipya, yakiwa bega kwa bega ili hata mtu asiyejua kompyuta aone tofauti. Chini yake andika sentensi hii kwa mkono wako: "Nililiona kosa hili siku niliyotia jina, sikulisema." Shemeji yako mpe sentensi moja tu, kwamba mabadiliko aliyafanya yeye na wewe ukayapitisha. Waraka wako usiuambatishe. Wakiuomba, wape. Wasipouomba, ubaki kwenye droo. Hapo ndipo utakapojua unasema kwa ajili ya nani, na hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho, wala halihitaji kutafakari sana. Ukiona mkono unakwenda wenyewe kwenye droo, bado hujatoka kwenye kile kikao.

Kabla hujapeleka hiyo barua, mwambie shemeji yako kwamba unaipeleka na saa unayoipeleka. Mwachie nafasi ya kwenda na wewe. Akikataa, nenda peke yako.

Halafu mtafute yule mwanamke. Usimwite ofisini, nenda alipo. Mwambie kompyuta haikukosea, aliyekosea ni mtu, na mtu mwenyewe ni wewe, na pale dirishani ulijua. Usimwombe akusamehe, maana utakuwa umempa kazi nyingine ya kusafisha.

Kazi unaweza kuipoteza. Sikufichi, na sitakudanganya kwamba ukweli utakulipa. Mtu anaposema kweli akiwa amechelewa, hupokewa kama mchelewaji. Lakini nenda. Nenda kesho asubuhi, ofisi ikifunguliwa.

*

Jibu hilo nililituma kwa mkono siku ileile niliyolipokea swali, bila kungoja gazeti. Wiki saba baadaye aliniandikia tena, kwa kifupi sana, na kwa ruhusa yake naiweka barua hiyo hapa.

"Mshauri, nilikwenda. Shemeji alinifuata mpaka mlangoni kwa msajili, akasimama, akageuka. Hakuingia. Msajili alisoma ukurasa ule mara tatu, safari hii hakuvua miwani, akaniuliza, 'Ulikuwa wapi mwezi mzima?' Waraka hawakuuomba.

"Tisa kati ya wale kumi na mmoja wamerudishwa. Mmoja alishachukua kazi mji mwingine na hataki kusikia habari za chuo. Mwingine simu yake haipokelewi. Shemeji amerudishwa kuwa fundi wa kawaida, na mimi nimeondolewa kwenye mitihani kabisa, naandika programu ya kuhesabu vitanda. Faili la matoleo sasa linashikwa na watu wawili wa ofisi nyingine, na lina jaribio la yule mwanafunzi wa kubuni, nililiandika siku yangu ya mwisho, lilinichukua dakika sita. Mtoto wa shemeji amezaliwa, wa kike. Nilipeleka nguo, mama mkwe akazipokea mlangoni. Na mume wangu tunazungumza, ila ni mambo ya watoto na umeme tu.

"Yule mwanamke nilimkuta wodini, alikuwa amerudi kwenye deki. Nikamwambia kama ulivyoniagiza, neno kwa neno. Alikamua dekio lake kwenye ndoo mpaka maji yakakatika, akasema, 'Kumbe siku ile ulikuwa unanitazama machoni.' Akaendelea na kazi. Sasa yuko darasani, anamaliza muhula huu. Tunapishana ukumbini kila asubuhi. Hanisalimii, nami nimeacha kumngoja anisalimie."